Shamba Liko Ndani ya Nani?

Mwanafunzi anayejifunza kuandika klasi zenye objekti nyingine ndani yake, mara nyingi hupewa zoezi la gari. Gari lina injini na matairi manne. Unaandika klasi ya Injini, klasi ya Tairi, halafu klasi ya Gari inayozibeba objekti zake. Zoezi hilo halina ugomvi. Sijasikia mtu aliyeuawa kwa kubishania kama injini ni ya gari.

Ninasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni historia ya ardhi ya Uluguru. Nilipoanza kujifunza Python nililiacha gari, nikachukua milima ninayoiona kila asubuhi nikiwa Morogoro mjini. Niliandika klasi tatu: Mtu, Tombo na Shamba. Papo hapo swali likazuka: orodha ya mashamba ikae ndani ya klasi ipi?

Swali hili lina uzito, kwa sababu kuna namna mbili za objekti kuwa ndani ya nyingine. Kuna ya ndani isiyoshikwa na mwingine yeyote: ukiifuta ya nje, nayo inakwisha. Kuna pia ya ndani inayoshikwa na wengine: wa kwanza akiondoka, yenyewe inabaki.

Waluguru hufuata upande wa mama. Ukoo, yaani lukolo, una matawi, na kila tawi huitwa tombo, maana yake titi la mama. Kwa desturi, ardhi ilikuwa ya tombo. Mtu alilima na kuvuna. Akifa, shamba halikufa naye wala halikutoka nje ya wenyewe. Hata uongozi ulikwenda hivyo. Kingalu wa Kinole, mwenye sifa ya kuleta mvua, ni jina la kiti: anayekikalia hulichukua jina hilo, akiondoka hulichukua mwingine. Kwa lugha ya programu, Cheo ni objekti inayodumu, na aliye ndani yake hubadilishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Iliogopa mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko na athari zake kwa mto Ruvu, unaoanzia milimani humo. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini dawa yake ilikuwa amri: watu wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba atozwe faini. Kazi ilikuwa ngumu, na penye udongo mwembamba kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba.

Kulikuwa na jambo jingine, nami ndilo lililonivuta. Aliyeazimwa shamba hakutakiwa kupanda miti ya kudumu, maana mti ungemfanya aonekane mwenye ardhi. Tuta la ngazi nalo ni kitu cha kudumu. Amri ilimtazama mkulima na shamba lake, kana kwamba shamba lipo ndani ya mtu huyo mmoja. Wenye tombo hawakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Julai 1955, huko Matombo, upinzani uligeuka vurugu. Polisi walipiga risasi na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo ulazima wa matuta ukaachwa.

Simula, lugha iliyoanzisha klasi na objekti, ilitengenezwa Oslo miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotaka kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta. Miaka ya 1970 Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini Norway, ili wafanyakazi nao wawe na sauti juu ya mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikiingia kazini kwao. Naona alielewa kwamba anayechora mfumo huamua pia nani aonekane ndani yake.

Jambo hilo halijapita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu haki ya kimila kutolewa kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kundi. Mlango wa tombo upo kisheria. Lakini daftari la ardhi likiwekwa kwenye kompyuta, yupo mtu atakayeandika klasi zake, na akiweka nafasi ya jina moja tu kwa kila shamba, mlango huo utafungwa bila amri wala faini.

Kwenye programu yangu, orodha ya mashamba iko ndani ya Tombo. Mtu ana matumizi tu, yenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Jaribio la kwanza nililoliandika linamfuta Mtu mmoja, kisha linahesabu mashamba ya tombo lake. Idadi lazima ibaki ileile.