Nesi Aliyerudi Darasani na Miaka 33

Wapo wadogo zetu wanaosomea uuguzi wa tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi tena. Fani hii ina deni kubwa kwa Cicely Saunders wa Uingereza, mwanamke aliyesoma bila kusubiri kutumwa.

Alizaliwa mwaka 1918. Wakati wa vita aliacha masomo Oxford akaenda kusomea unesi hospitali ya St Thomas', London. Alihitimu 1944, lakini mgongo ulimsumbua hadi kazi ya wodini ikamshinda. Akageukia ustawi wa jamii hospitalini. Huko alikutana na David Tasma, mhamiaji kutoka Poland aliyekuwa na saratani. Walizungumza sana kuhusu pahala ambapo mtu angeweza kufa kwa utulivu. Tasma alipofariki mwaka 1948 alimwachia pauni 500.

Swali likamkaa moyoni: kwa nini anayekufa aachwe na maumivu? Jioni, baada ya kazi, alijitolea St Luke's, nyumba ya wagonjwa wa aina hiyo. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Aliona manesi wakitoa mofini kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Kwengineko mgonjwa alisubiri mpaka aumie ndipo apewe.

Daktari wa upasuaji akamshauri asome udaktari, maana bila hivyo hatasikilizwa. Alianza 1951 ana miaka 33, akahitimu 1957. Baadaye, katika hospisi ya St Joseph's, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000 kuonyesha kwamba utaratibu ule unafaa. Mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's.

Elimu hiyo ilifika hadi kwa jirani zetu. Hospice Africa Uganda ilianza 1993, na mwaka 2004 Uganda iliruhusu manesi waliosomea tiba shufaa kuandikia wagonjwa mofini.

Dada zangu, hata sisi wa cherehani twajua: anayeshona ili apate cheti huishia kwenye cheti, anayetaka nguo imkae mteja hufumua na kushona tena. Mdogo wako akichoka na masomo ya unesi, usimuulize kapata alama ngapi. Muulize ni mgonjwa gani aliyemgusa moyo, na anataka kujua nini ili amsaidie. Hapo ndipo kusoma kwake kutakapoanzia.