Pompa ya Mazutu, Shule ya Uvumilivu



Katika kitabu cha Yubile ni desturi kuwakumbuka waliojenga na waliofundisha. Katika ukurasa huu tumependa kukumbuka kazi moja ya mikono isiyotajwa mara nyingi: ufundi wa kufungua na kutengeneza upya pompa inayosukuma mazutu ndani ya motere za trakteri za zamani. Trakteri ikinyamaza wakati wa kulima, mvua haimngojei fundi. Kwa hiyo yafaa tujue chombo hiki kilitoka wapi, na kwa sababu gani kinamdai mwanafunzi wake mengi.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Shauri lake lilikuwa hili: hewa ikikandamizwa sana ndani ya silinda hupata joto kali, hata mafuta yakiingizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Tarehe 17 Februari 1897, katika mji wa Augsburg, motere yake ilipimwa mbele ya wataalamu, ikageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Mashini za mvuke za siku zile hazikufika hapo.

Lakini shida moja ilibaki. Namna gani kuyaingiza mafuta kidogo sana, kwa saa yake halisi, mahali ambapo hewa iliyokandamizwa inayasukuma nyuma? Diesel aliyapuliza kwa hewa ya kompresa. Kompresa hiyo ilikuwa nzito na ya gharama. Iliifaa motere ya kiwanda au ya meli, haikuifaa motere ya shamba. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alitoweka katika meli Dresden iliyotoka Antwerpen kwenda Uingereza, naye hakuiona motere yake ikivuta jembe mashambani kote.

Wengine walitafuta njia nyingine. Mwaka 1921 kiwanda cha Lanz cha Mannheim kilitoa trakteri iitwayo Bulldog, kazi ya mhandisi Fritz Huber. Ilikuwa na silinda moja, na kichwa chake kilipashwa moto kwa taa kabla ya kuwashwa. Ilikuwa na nguvu na haikuchagua mafuta, lakini ilimtaka mwenyewe aamke mapema.

Mwisho wa mwaka 1922, Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kwamba kiwanda chake kitatafuta pompa ndogo ya kusukuma mafuta pasipo kompresa. Kazi ilidumu miaka mitano, na mwaka 1927 pompa hizo zilianza kutolewa kwa wingi. Siri yake ni pistoni ndogo ndani ya ala yake. Ubavuni mwa pistoni umechongwa mfereji wa mshazari. Pistoni hupanda na kushuka daima kwa kipimo kile kile. Lakini fimbo yenye meno ikiizungusha kidogo, mfereji ule hukutana na tundu mapema au baadaye, na mafuta yanayokwenda kwenye enjektere hupungua au huongezeka. Kwa njia hiyo mguu wa dereva na regilatere huitawala motere nzima.

Hapa ndipo fundi kijana anapojifunza unyenyekevu. Nafasi kati ya pistoni na ala yake ni elfu chache tu za milimita, wakati unywele wa mtu una unene wa karibu elfu sabini. Hakuna mpira unaozuia mafuta hapo. Ukaribu wa chuma kwa chuma ndio unaozuia. Kila pistoni imesuguliwa pamoja na ala yake, nazo hazibadilishwi kamwe na za jirani. Ndiyo maana walimu wazuri huanza na meza safi, mazutu yaliyochujwa, na sahani zenye namba, ili kila kitu kirudi mahali pake. Chembe moja ya vumbi la njia yetu yatosha kukwaruza kazi ya miaka mitano ya Stuttgart.

Katika trakteri iliyolala miaka mingi, ugonjwa wa kawaida ni kutu. Maji yaliyoingia katika mazutu hushika pistoni, na fimbo yenye meno haisogei tena. Asiyejua huchukua nyundo. Anayejua huloweka, hungoja siku kadhaa, kisha hujaribu kwa vidole. Tena hataiwasha motere kabla ya kuhakikisha kwamba fimbo ile inarudi yenyewe. Kwa maana ikikwama mahali pa mafuta mengi, motere hukimbia pasipo mtu wa kuizuia, mpaka ivunjike na kuumiza watu. Vivyo hivyo hataweka mkono mbele ya enjektere inayopimwa. Mafuta hutoka kwa nguvu ya bari mia moja na zaidi, hupenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo hudai daktari siku ile ile.

Baada ya vita ya pili ya dunia lilikuja shauri jingine. Huko Marekani, Vernon Roosa alibuni pompa ambayo haina pistoni kwa kila silinda. Pistoni mbili zinazoelekeana hutumikia silinda zote, na chuma kinachozunguka hugawa mafuta kwa zamu. Ilianza kutolewa mwaka 1952. Huko Uingereza, CAV ilitoa pompa ya DPA ya namna hiyo hiyo, nayo ikafungwa katika trakteri nyingi za Massey Ferguson 135 zilizotoka kuanzia mwisho wa 1964. Ni ndogo, nyepesi, na ya bei nafuu zaidi. Lakini yapasa kukumbuka jambo moja: pompa za zamani za pistoni nyingi zina mafuta yao ya kulainisha chini, bali hii hulainishwa na mazutu yenyewe. Mazutu machafu, au yenye maji, huiua upesi. Kwa hiyo filtere ya bei ndogo huokoa pompa ya bei kubwa.

Yafaa pia kusema mpaka wa kazi. Mikono na macho vyaweza kusafisha, kubadilisha mipira iliyokauka na springi zilizovunjika, na kurudisha pompa kwenye alama zake. Lakini kusawazisha mafuta ya kila silinda hudai meza ya kupimia, ambako mazutu huanguka katika vyupa vya kioo na kulinganishwa. Fundi anayejua mahali pa kusimama ni bora kuliko yule anayekaza kila skrubu kwa kubahatisha.

Tangu mwaka 1997 magari yalianza kupata mfumo mwingine, ambao kompyuta huamuru kila tone. Hatuudharau. Lakini pompa ya zamani iliundwa ili ifunguliwe na mtu mwenye funguo, kitabu na uvumilivu, na mahali pasipo kompyuta bado inatumika. Wazee wanaoijua wanapungua, na ujuzi wao haukuandikwa wote katika vitabu. Mwingi umo katika vidole vyao.

Basi, enyi vijana, mkaribieni fundi mzee angali meza yake i wazi. Anzeni kwa kuosha sahani zake. Nanyi wazazi, msiihesabu kazi hii kuwa ya wale walioshindwa shule. Anayepima elfu za milimita kwa taa ya mkono, naye ni msomi.