Kabla ya Ziwa Kuwa Hifadhi

Kwa miaka mingi Ziwa Bogoria, huko Baringo, liliitwa Hannington. James Hannington alikuwa askofu Mwingereza aliyepita huko mwaka wa 1885 akielekea Uganda. Aliuawa Busoga mwaka huohuo, lakini jina lake likabaki kwenye ramani. Serikali ya Kenya ilipotangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 1973, jina lilikuwa bado Hannington. Bogoria likaandikwa rasmi mwaka wa 1978. Kufikia hapo jina la mgeni lilikuwa limeondoka, na wenyeji, Waendorois, nao walikuwa wameanza kuondolewa.

Nilienda huko na wenzangu wawili wa uzamili kwa gari la kukodi kutoka Nakuru. Barabara inapita kando ya Menengai, volkano ambayo kilele chake kilibomoka na kuacha shimo kubwa. Inavuka ikweta karibu na Mogotio, kisha inateremka kwenye joto na migunga. Katika Bonde la Ufa maji ya mvua huzama kupitia nyufa, hupashwa joto na miamba ya chini, kisha hurudi juu yakichemka. Ukingoni mwa ziwa unauona mvuke kabla ya kuyasikia maji. Wageni huchemsha mayai humo. Sisi pia tulichemsha.

Ukitazama mvuke ule ni rahisi kudhani hapajawahi kuishi mtu. Lakini Waendorois walichunga mifugo hapa kwa karne kadhaa. Walikuwa na mahali pa kusali na mahali pa kuwalambisha ng'ombe chumvi. Huamini kwamba roho za wafu wao, popote walipozikwa, huishi ziwani. Walipohamishwa walipelekwa kwenye ardhi kame, na mifugo mingi ikafa.

Mahakama Kuu ya Nakuru ilitupilia mbali kesi yao. Mwaka wa 2003 wakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul. Uamuzi wa mwaka wa 2009, uliotangazwa 2010, ulisema serikali ilikiuka haki zao za dini, mali, utamaduni, maliasili na maendeleo. Iliagizwa iwatambue kuwa wamiliki, iwarudishie ardhi na kuwalipa fidia. Mwaka wa 2011 UNESCO ikaliingiza ziwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Tume hiyohiyo ikalalamika kwamba Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo. Hata baada ya kushinda kesi, waliamuliwa mambo yao bila kuulizwa.

Rafiki akiniuliza kama safari hiyo inafaa, namwambia aende. Abebe maji ya kunywa ya kutosha, na amlipe kijana wa Loboi amtembeze. Wakifika kwenye mvuke, amuulize babu yake aliishi wapi kabla ya 1973.