Dzaleka: Historia ya Lugha Katika Daftari la Mwanafunzi

Insha za wanafunzi wakimbizi aghalabu hurudi zimejaa wino mwekundu, na hukumu huwa moja: huyu hajui Kiingereza. Katika makala haya tunashikilia kwamba makosa hayo yana historia, na kwamba mwalimu asiyeijua husahihisha sentensi akamwacha mwandishi.

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi, hasa kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili kikawaunganisha wengi wao sokoni na katika ujirani. Hata hivyo, walifikia nchi ambayo tangu mwaka 1968 lugha yake ya taifa ni Kichewa, na lugha ya elimu ya juu ni Kiingereza. Wengi wao walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa.

Mwaka 2010 mpango wa Wajesuti ulianza kutoa kambini, kwa njia ya intaneti, masomo ya diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Masomo yalikuwa ya Kiingereza. Kwa mwanafunzi aliyetoka Kivu, hiyo huweza kuwa lugha ya nne, baada ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kifaransa.

Tutazame mifano. Kiswahili humwita mume na mke "yeye". Basi katika insha ya Kiingereza bibi hugeuka bwana ndani ya aya moja. Kwa Kifaransa, "librairie" ni duka la vitabu, ilhali neno la Kiingereza linalofanana nalo ni maktaba. Huu si uzembe. Mwanafunzi anatumia kanuni sahihi, ila za lugha nyingine.

Kosa zito zaidi wino hauligusi. Mwanafunzi mwenye hoja nzuri huiacha kwa kukosa sentensi, akaandika ile anayoimudu. Hasara hiyo ni kubwa kwa mtu ambaye cheti ni miongoni mwa njia zake chache: mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee Dzaleka.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mpango wa insha na rasimu ya kwanza viruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili. Pili, alama za hoja zitenganishwe na alama za lugha. Tatu, makosa yanayojirudia yafundishwe kwa kulinganisha lugha, bila kumwaibisha mtu.

Agosti 2019 nchi za SADC, Malawi ikiwa mwanachama, zilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Lugha iliyokaribishwa katika mikutano ya marais haistahili kufukuzwa katika rasimu ya mwanafunzi. Walimu wenzetu, kabla ya kushika kalamu nyekundu, tumuulize kwanza mwanafunzi: ulitaka kusema nini?