Rupia ya Mombasa ya 1888 Kwa Thao Tano? Ipime Hivi Kabla Utume Doh

Kama uko kwenye zile grupu za kuuza vitu vya zamani, najua ushaiona. Sarafu ya silva, jua lenye miale na taji upande mmoja, mizani upande wa pili, mwaka 1888. Chini muuzaji ameandika: "Orijino kabisa, ilikuwa ya guka yangu, wale wako serious pekee." Bei ni thao tano, na amesema kuna msee mwingine ako njiani kuichukua.

Mimi niliinunua. Huo ulikuwa mwaka niliotoka campo bila kumaliza, na mpango wangu ulikuwa niiuzie msee wa majuu nilipe rent ya miezi miwili. Siku ilipofika nikaweka bahasha juu ya meza, karibu na sumaku nilikuwa nimetoa kwenye spika mbovu. Sarafu ikaruka ikanata, ikiwa bado ndani ya bahasha. Rent ililipwa na sistangu, na hajawahi kunisahaulisha.

Silva hainati kwa sumaku. Dhahabu pia hainati. Kwa hivyo hicho ndicho kipimo cha kwanza na hakina gharama. Lakini usichangamke sana sarafu yako ikikataa kunata, juu shaba na mchanganyiko wa shaba na nikeli pia hazinati. Sumaku inashika feki za kijinga pekee. Yangu ilikuwa ya kijinga.

Uzito na ukubwa, pamoja

Rupia ya Mombasa ilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, ile iliyokuwa ikiendesha biashara na utawala huku kwetu kabla serikali ya Uingereza ichukue usukani mwaka 1895. Ilichongwa Birmingham na kiwanda cha Heaton, ndiyo maana ina herufi ndogo H. Uzito wake ni gramu 11.66 na upana ni kama milimita 30. Silva ni karibu asilimia 92.

Sasa shika hii vizuri. Mtu wa feki anaweza kuiga sura bila shida, mashine za siku hizi zinanakili kila mstari. Kile kinamsumbua ni kupata uzito sawa na ukubwa sawa kwa wakati mmoja akitumia chuma cha bei ya chini. Silva ni nzito. Akitumia shaba na nikeli kwa umbo lilelile, sarafu itakuwa kama gramu 10. Akitumia chuma cha kawaida itashuka chini ya gramu 9. Akitaka uzito utimie lazima aifanye nene ama pana zaidi, na hapo ndipo unamnyaka.

Tafuta mzani wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, ule masonara wanatumia. Kupima upana na unene unahitaji vernia, ile ulishika Form 2 ukidhani hautawahi kuihitaji. Sarafu iliyotembea sana mikononi hupungua kidogo, kwa hivyo 11.5 isikutishe. Lakini 10.1 hapana. Hakuna mikono ya watu inayokula gramu moja na nusu halafu iache maandishi yote yakisomeka.

Kipimo cha maji

Hiki ndicho nakipenda, na wauzaji feki hawakipendi. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha namba kwa sufuri. Funga sarafu na uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mzani utasoma namba fulani. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, gawa kwa hiyo namba.

Rupia halali ya gramu 11.66 itafanya mzani usome kama 1.13. Ukigawa unapata 10.3, na hiyo ni silva ya kiwango chake. Ukipata 8.9, hapo unaongea na shaba na nikeli. Ukipata 7 na kitu, ni zinki ama chuma. Ile hesabu ya Archimedes tulikuwa tunakariri tu kupita mtihani, kumbe ilikuwa inachunga mfuko. Tahadhari moja: toa mapovu ya hewa kwenye sarafu kwanza, yatakuharibia hesabu.

Halafu angalia ukingo. Sarafu za kweli hugongwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili, feki nyingi humwagwa kwenye kalibu kama sufuria. Za kumwagwa huacha mstari mwembamba ukizunguka ukingo, vishimo vidogo kama ngozi ya chunusi, na herufi zenye kona laini. Ukikuta weusi umejaa kila mahali sawasawa, hadi sehemu zilizoinuka ambazo vidole vilikuwa vinasugua kila siku, huo uzee umepakwa. Na tafadhali usiisugue na Vim ama dawa ya meno ndio uone vizuri. Ikiwa ya kweli umeiharibu, na anayekusanya sarafu atakata bei papo hapo.

Ndovu wa Tabora

Hii ndiyo inachoma watu pesa kubwa. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa, pesa haziingii. Karakana ya reli Tabora ikaanza kutengeneza sarafu yenyewe, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa karibu 16,000 tu, kwa hivyo ukiambiwa iko moja kwa thao kumi, cheka na uendelee na siku yako.

Orijino ina uzito wa kama gramu 7.17, na robo tatu ni dhahabu. Kipimo cha maji kinafaa kukupa karibu 15. Shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu kwa umbo hilohilo haifiki hata gramu 4 na nusu. Hiyo tofauti unaisikia kwa kiganja kabla mzani uwashwe.

Ya kweli lakini si adimu

Kuna mchezo mwingine ambao mzani hautakusaidia, juu sarafu yenyewe ni halali. Mfalme Edward VIII alikaa kwa kiti chini ya mwaka, akaachia taji Desemba 1936. Sarafu zenye sura yake Uingereza ni adimu kinoma. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936, zile za tundu katikati zenye jina lake, zilitengenezwa nyingi sana. Shosh wangu ana mkebe mzima ocha. Muuzaji anakupigia hadithi ya mfalme, wewe unalipa bei ya hadithi.

Shilingi ya simba nayo ni hivyo hivyo: za miaka ya 1920 na 1930 ni robo silva pekee, na ziko kila mahali. Ile dola kubwa ya Maria Theresa iliyotembea sana pwani na Ethiopia imeandikwa 1780, lakini mwaka huo umeendelea kugongwa juu yake hadi nyakati zetu. Tarehe hiyo si umri.

Na zile zimefungwa kwenye kasha la plastiki la PCGS ama NGC? Makasha pia yanaigwa. Weka namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika, halafu linganisha picha utakayopata na sarafu yenyewe, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kuna feki zinatumia namba ya sarafu nyingine ya kweli.

Kabla utume kitu, itisha video ya sarafu ikiwa juu ya mzani, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando yake. Tafuta picha zake mtandaoni pia, mara nyingi utazikuta kwenye tangazo la mnada wa zamani Ulaya. Akianza kukasirika, ama akisema mzani umeharibika, ama anataka umtumie kwa namba ya kibinafsi kabla mkutane, wachana naye. Doh ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni story nyingine.

Yangu bado niko nayo. Nilitaka kuiuza, nisiseme uongo, kuna jamaa aliniulizia. Siku hiyo jioni nikaitoboa kwa drili ya fundi wa jirani, na sasa inabeba funguo za keja.