Chakula cha Mwenye Kidonda: Meru na Embu

Miongoni mwa Wameru na Waembu, kama kwa jirani zao Wakikuyu, kumlisha aliyeumia lilikuwa jukumu la jamaa lenye taratibu zake: mama aliyejifungua alipikiwa njahi, yaani mbegu nyeusi za jamii ya kunde zenye mstari mweupe, pamoja na uji wa mawele au wimbi, nao vijana waliotahiriwa walitengwa na kulishwa vizuri hadi vidonda vyao vikauke.

Sayansi ilichelewa kueleza faida ya desturi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow aligundua kwamba waliovunjika mifupa hupoteza nitrojeni nyingi katika mkojo, dalili kwamba mwili unabomoa misuli yake wenyewe. Majeraha makubwa ya moto hudai zaidi, kwa kuwa sehemu iliyoungua huvujisha majimaji yenye protini, huku mwili ukihitaji asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ili kutengeneza kolajeni, ambazo ni nyuzi zinazoshikilia ngozi mpya, na kupambana na maambukizi. Mtu mzima mwenye afya hutosheka na takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; aliyeungua vibaya huhitaji 1.5 hadi 2, kiasi ambacho ni vigumu kukifikia kwa uji mtupu.

Hospitali ya Chogoria katika nchi ya Wameru, iliyoanzishwa mwaka 1922 na daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti, ilileta tiba mpya wakati sahani ya wenyeji nayo ikibadilika. Mahindi, yenye upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, yalienea. Serikali ya kikoloni ilipendelea maharagwe ya kuuzwa nje, na katika nchi ya Wakikuyu njahi ikasukumwa kando. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, kahawa ikaanza kudai sehemu ya mashamba ya Meru na Embu. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilipunguza hasara, kwa sababu maharagwe yana laisini tele, ila fadhila hiyo hutegemea uwiano, na sufuria ya maskini aghalabu huwa na mahindi mengi kuliko maharagwe. Katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, ambako mvua haba huyaangusha mahindi mara kwa mara, kunde, mbaazi, ndengu na mawele havikuacha kulimwa.