Vitabu Viwili, Jina Moja



Waumini wapendwa, juma hili napenda tumtafakari mwanahistoria mmoja wa Kanisa, Padre Cyprian Davis, mmonaki Mbenediktini wa abasia ya Saint Meinrad, Indiana, nchini Marekani. Alizaliwa Washington mwaka 1930, akapokewa katika Kanisa Katoliki angali kijana, akasomea historia ya Kanisa Louvain, Ubelgiji. Alifariki mwaka 2015.

Wamarekani wengi walidhani kwamba Ukatoliki ni dini ya wazungu, na kwamba Mkatoliki mweusi ni mgeni. Padre Davis hakujibu kwa ugomvi. Alifungua kumbukumbu za parokia na za mashirika ya kitawa, na mwaka 1990 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya historia ya Wakatoliki weusi. Katika vitabu vya parokia ya St. Augustine, Florida, wakati wa utawala wa Hispania, yamo majina ya Waafrika waliobatizwa kabla Marekani haijawa taifa.

Lakini kumbukumbu hizo zina uchungu pia. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliafikiana kuwauza watu 272, wengi wao Wakatoliki. Mtu yule yule aliandikwa katika vitabu viwili: katika kimoja ni mwana wa Mungu, katika kingine ni mali yenye bei.

Mwaka uliofuata Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa. Askofu John England wa Charleston, akikabiliwa na wanasiasa waliotetea utumwa, aliandika barua kueleza kwamba Papa hakuugusa utumwa wa ndani ya Marekani. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, naye Mkatoliki, alitamka kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia. Hata Augustus Tolton, aliyezaliwa mtumwa, alipadrishwa Roma mwaka 1886, kwa kuwa hakuna seminari ya nchini kwake iliyokubali kumpokea.

Ndugu zangu, siasa haikuwafuta hao katika kitabu cha ubatizo. Iliwafanya ndugu zao wasikisome. Nasi tunapompima jirani kwa rangi, kabila au chama chake, tunamwandika katika kitabu kipi?